Wastani wa soko haumlishi mwenye mtaji mdogo

Madalali wa hisa na wauzaji wa jumla wana mazoea ya kulipanga soko katika makundi kabla mteja hajakaa kitini. Kuna soko "moto" na soko "baridi", kuna hatifungani "salama" na hatifungani "za takataka". Mteja huambiwa yumo kundi gani, kisha huonyeshwa wastani wa miaka mingi, na kwa wastani huo hutoa fedha zake. Ni wachache wanaouliza makundi hayo yalipangwa na nani na kwa kipimo gani. Swali hilo lingewaokoa wengi, kwa sababu kundi lililopangwa vibaya huzaa wastani wa uongo, na wastani wa uongo humaliza mitaji midogo kabla mikubwa haijashtuka.

Ipo hesabu inayoweza kuliuliza soko lenyewe lipangwe vipi. Msingi wake ni mnyororo wa Markov, uliopewa jina la Andrei Markov, mwanahisabati wa Urusi aliyeanza kuuandikia mwaka 1906. Mwaka 1913 Markov alichukua herufi 20,000 za kwanza za kitabu cha Pushkin kiitwacho Eugene Onegin, akahesabu ni mara ngapi irabu hufuatwa na irabu na ni mara ngapi hufuatwa na konsonanti. Kazi hiyo haikuwa na faida ya kibiashara, lakini kanuni yake imeingia katika mabenki ya dunia nzima: kitu kimo katika hali fulani leo, na uwezekano wa hali ya kesho unategemea hali ya leo peke yake. Uwezekano huo wote huandikwa katika jedwali moja, ambalo hapa litaitwa jedwali la mipito.

Tuchukue mfano wa kubuni. Bei ya bidhaa fulani sokoni imegawanywa katika hali nne: chini kabisa, chini, juu, na juu kabisa. Hupimwa mara moja kwa wiki. Ikiwa chini kabisa, uwezekano wa kubaki hapo wiki ijayo ni asilimia 70, na wa kupanda hadi chini ni asilimia 30. Ikiwa chini, asilimia 30 hurudi chini kabisa, asilimia 68 hubaki, na asilimia 2 tu huvuka kwenda juu. Upande wa pili ni vivyo hivyo: juu hubaki kwa asilimia 68, hupanda juu kabisa kwa asilimia 30, huvuka kwenda chini kwa asilimia 2, na juu kabisa hubaki kwa asilimia 70, hushuka hatua moja kwa asilimia 30.

Muuzaji akiulizwa kuhusu bidhaa hiyo atasema ukweli mtupu: kwa muda mrefu kila hali huchukua robo ya wiki zote, kwa hiyo bei huwa upande wa juu nusu ya muda. Mnunuzi husikia "nusu ya muda" na kuona kama karata ya kurusha sarafu. Lakini hesabu ya jedwali hilo hilo inaonyesha kwamba bei iliyo chini leo itachukua, kwa wastani, wiki 100 kabla ya kuvuka kwenda juu kwa mara ya kwanza. Hiyo ni karibu miaka miwili. Mfanyabiashara aliyenunua mzigo kwa mkopo wa miezi sita, akitegemea ile "nusu ya muda", ana uwezekano wa takriban asilimia 77 wa kufikia siku ya marejesho bila bei kuvuka hata mara moja. Wastani aliopewa haukuwa na kosa. Ulikuwa wa mtu mwenye subira ya miaka mingi na ghala lake mwenyewe.

Mfanyabiashara wa nafaka ataona haraka kwamba mfano huu umesahau msimu wa mavuno, na atakuwa amesema kweli. Suala hilo litarudi huko mbele.

Katika jedwali la hali nne macho yanatosha kuona kwamba kuna vyumba viwili na mlango mwembamba kati yake. Katika jedwali la hali 40, tena zilizoandikwa bila mpangilio, macho hayatoshi. Hapo ndipo njia za spektra zinapoingia. Jina linatisha kuliko kazi yenyewe. Kila jedwali la aina hii lina mipangilio fulani ya namba ambayo, ikipitishwa katika jedwali, hutoka na umbo lile lile, ila imepungua kwa kiwango maalumu. Mpangilio huo huitwa vekta ya aigeni, na kiwango cha kupungua huitwa thamani ya aigeni. Orodha ya thamani hizo zote ndiyo spektra ya jedwali.

Kwa mfano wetu thamani ni nne: 1, kisha 0.98, kisha 0.40 na 0.38. Ile ya kwanza ni 1 daima na haisemi kitu kuhusu makundi; ni ya wastani wa muda mrefu ambao muuzaji alishautangaza. Habari imo katika zinazofuata. Thamani ya 0.40 maana yake ni kwamba baada ya wiki moja athari ya kuanzia hali hii badala ya ile jirani yake hubaki asilimia 40, na baada ya wiki chache imesahaulika. Thamani ya 0.98 maana yake ni kwamba tofauti kati ya kuanzia upande wa chini na kuanzia upande wa juu hupungua polepole mno. Huchukua karibu wiki 35 kufikia nusu. Pengo kubwa kati ya 0.98 na 0.40 ndilo linalotangaza kwamba makundi yapo, na kwamba ni mawili. Kama thamani tatu zingekaa karibu na 1 kabla ya pengo, makundi yangekuwa matatu, na kuendelea.

Nani yumo kundi gani? Vekta ya pili hujibu. Kwa mfano wetu namba zake ni 1, 0.94, hasi 0.94 na hasi 1. Zenye alama chanya ni kundi moja, zenye alama hasi ni kundi la pili. Ikumbukwe kwamba hali ya "chini" na hali ya "juu" ni majirani kwa bei, pengine zinatofautiana kwa shilingi chache tu, lakini hesabu imezitenganisha. Kinachounganisha hali mbili hapa ni wepesi wa kutoka moja kwenda nyingine, na shilingi zilizo kati yake hazihesabiwi. Muuza duka anayepanga bei kwa mafungu ya shilingi mia mia hawezi kuliona hilo.

Wazo lenyewe lilizaliwa na wachumi. Mwaka 1961 Herbert Simon na Albert Ando waliandika juu ya mifumo iliyo karibu kugawanyika, ambamo sehemu za ndani hutulia haraka na uhusiano kati ya makundi hutulia taratibu. Simon alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978. Baadaye wazo likahamia kwa wanasayansi wa molekuli. Mwaka 2000 Peter Deuflhard na wenzake, katika Kituo cha Zuse mjini Berlin, walitumia alama za chanya na hasi kutafuta maumbo ambayo molekuli hukaa kwa muda mrefu kabla ya kujigeuza, jambo lenye faida katika kutafuta dawa. Mwaka 2005 Deuflhard na Marcus Weber waliirekebisha njia hiyo, kwa sababu hali yenye namba iliyo karibu na sifuri ilikuwa ikirushwa huku na kule na kosa dogo la kipimo. Katika njia mpya hali inaweza kuwa ya kundi moja kwa sehemu na ya jingine kwa sehemu. Inafurahisha kwamba watu wa molekuli walikiri mpaka wenye ukungu wakati watu wa fedha bado wanachora mstari kwa rula.

Mfano mkubwa wa mstari huo ni madaraja ya mikopo. Makampuni ya kupima uwezo wa kulipa madeni huyapa makampuni na serikali madaraja kutoka AAA hadi CCC, na chini yake ni kushindwa kulipa. Kuanzia BBB kwenda juu huitwa daraja la uwekezaji. Kuanzia BB kwenda chini ni daraja la kubahatisha, au kwa lugha ya mtaani ya New York, takataka. Mifuko mingi ya pensheni na bima hairuhusiwi kushika vitu vya chini ya mstari. Kwa hiyo mstari huo unahamisha fedha nyingi sana, na mwekezaji mdogo anaamini kwamba kuna ukuta wa kweli hapo.

Aprili 1997 benki ya J.P. Morgan ilichapisha njia yake iitwayo CreditMetrics, ikiwa na jedwali la mipito ya mwaka mmoja lililotokana na takwimu za Standard & Poor's. Jedwali hilo limekuwa likisomeshwa tangu hapo, na linastahili kusomwa tena kwa jicho la makundi. Kampuni ya BBB ilibaki BBB kwa asilimia 86.93. Ilipanda kwenda A kwa asilimia 5.95, na ilishuka kwenda BB kwa asilimia 5.30. Yaani kuvuka "ukuta" kwenda takataka kulikuwa karibu sawa na kupanda hatua moja ya kawaida. Kampuni ya A ilishuka kwenda BBB kwa asilimia 5.52, na ya AA ilishuka kwenda A kwa asilimia 7.79, na huko hakuna anayedai kwamba pana ukuta. Kutoka chini, kampuni ya BB ilipanda kuingia BBB kwa asilimia 7.73, na ilishuka kwenda B kwa asilimia 8.84.

Ukitafuta katika namba hizo ule mlango mwembamba wa asilimia 2, haupo. Madaraja ni kama ngazi yenye hatua zinazolingana. Watu hupanda na kushuka hatua moja moja, na spektra ya ngazi ya namna hiyo huteremka kidogo kidogo bila pengo la wazi. Jedwali halisemi kwamba pana makundi mawili. Wanaosema hivyo ni watunga kanuni. Msimamo wa haki ni kwamba mwekezaji asilipie usalama wa ziada kwa sababu tu karatasi yake imeandikwa BBB badala ya BB, kama sababu nyingine ya kulipa haikuonyeshwa.

Hata hivyo mstari wa kanuni una nguvu yake, na nguvu hiyo ni ya kuogopwa. Tarehe 5 Mei 2005 Standard & Poor's iliyashusha makampuni ya General Motors na Ford chini ya mstari siku moja. Magari yao hayakubadilika usiku huo, wala madeni yao. Kilichobadilika ni nani aliyeruhusiwa kushika karatasi zao, na waliokatazwa walilazimika kuuza. General Motors iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi tarehe 1 Juni 2009. Ford ilirudishwa juu ya mstari na Moody's Mei 2012, ikashushwa tena na Moody's hiyo hiyo Septemba 2019. Afrika Kusini nayo ilishushwa na Standard & Poor's tarehe 3 Aprili 2017, na Moody's ikafuata Machi 2020. Anayeshika hatifungani iliyo hatua moja juu ya mstari anabeba hatari ya kuuziwa na wengi kwa wakati mmoja, na hatari hiyo haimo katika jedwali lililokusanywa kwa wastani wa miaka mingi.

Hapa inafaa kusema wazi udhaifu wa njia hizi, maana wapo watakaozisikia na kudhani zimeleta tiba. Thamani ya pili, ile inayobeba habari yote muhimu, hutegemea mipito iliyo adimu kuliko yote. Turudi kwenye mfano wetu. Ule uwezekano wa asilimia 2 ulitolewa kwa hisani ya mwandaa mfano. Sokoni hupatikana kwa kuhesabu. Ili kupata wiki 100 ambazo bei ilikuwa katika hali ya chini, inahitajika kumbukumbu ya wiki 400 hivi, yaani karibu miaka minane. Katika wiki hizo 100 mivuko inayotarajiwa ni miwili. Lakini kuna uwezekano wa karibu asilimia 13 kwamba hautaonekana hata mmoja, na uwezekano wa karibu asilimia 14 kwamba itaonekana minne au zaidi. Mwenye kumbukumbu ya minne ataambiwa asubiri wiki 50. Mwenye kumbukumbu isiyo na mvuko ataambiwa kwamba mlango haupo kabisa. Soko ni lile lile, na wote wawili wamehesabu bila kosa.

Kutokuwepo kwa mvuko katika kumbukumbu ndiko kulikowaumiza wengi katika soko la fedha za kigeni. Tarehe 6 Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi ilitangaza kwamba haitaruhusu euro ishuke chini ya faranga 1.20. Kwa zaidi ya miaka mitatu bei iliishi juu ya kiwango hicho. Jedwali lolote lililojengwa kwa takwimu za kipindi hicho lingeonyesha kundi moja lililofungwa, na hali zote za chini ya mpaka kama nchi isiyo na barabara. Watu wenye akaunti ndogo walinunua euro kwa fedha za kukopa kutoka kwa madalali wao, wakiamini kwamba sakafu ipo. Tarehe 15 Januari 2015 benki hiyo iliondoa mpaka bila taarifa ya mapema, na asubuhi hiyo hiyo euro ilianguka chini ya faranga moja. Dalali Alpari wa Uingereza alifilisika, na FXCM wa Marekani alinusurika kwa mkopo wa dola milioni 300. Baadhi ya wateja waliamka wakiwa wanadaiwa zaidi ya walichoweka.

Mlango ule haukuwa umefungwa na soko. Ulishikiliwa na mkono wa benki kuu, na mkono huo ulipochoka, takwimu za miaka mitatu hazikuwa na la kusema. Kwa hiyo jedwali likionyesha kundi lililofungwa kabisa, swali la kwanza liwe ni nani anayelifunga, na analipia kwa fedha gani.

Sasa msimu wa mavuno. Njia ya Berlin ya mwaka 2000 ilidai kwamba safari za kwenda na za kurudi ziwe sawa: kwa muda mrefu, wanaotoka hali ya kwanza kwenda ya pili walingane na wanaorudi. Bei ya nafaka haiko hivyo. Huzunguka na mwaka, hupanda taratibu ghala zikipungua na kuporomoka mavuno yakiingia, na mzunguko wa upande mmoja huleta thamani za aigeni zisizosomeka kwa alama za chanya na hasi peke yake. Anayetaka kutumia hesabu hii kwa mahindi au maharage aondoe msimu kwanza, au atafute njia nyingine.

Masoko ya hisa ya Afrika Mashariki yana tatizo lao. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, Tanzania Oxygen. Katika soko changa, hisa inaweza kupitisha siku nyingi bila kununuliwa wala kuuzwa, na bei ya mwisho hurudiwa katika orodha kana kwamba ni bei mpya. Jedwali litakalojengwa kwa orodha hiyo litakuwa na hali ya "haikubadilika" yenye uwezekano mkubwa wa kubaki, na spektra itatangaza kundi imara lenye utulivu. Utulivu huo ni wa kukosa wanunuzi. Mwenye hisa ataugundua siku atakapotaka kuuza.

Na ile kanuni kwamba kesho inategemea leo peke yake? Katika madaraja ya mikopo imeshatiliwa shaka. Utafiti wa David Lando na Torben Skødeberg wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kampuni iliyoshushwa karibuni huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kushushwa tena kuliko ile iliyofika daraja hilo hilo kwa kupanda. Mbili ziko BBB, lakini moja imekuja ikiteremka. Tiba yake inajulikana, nayo ni kuzihesabu kama hali mbili tofauti, ingawa kila hali inayoongezwa hugawanya tena kumbukumbu ambazo tayari ni chache.

Pamoja na kasoro hizo, mwekezaji mdogo anaweza kudai kitu ambacho wauzaji wa hatifungani, hisa na vipande vya mifuko ya uwekezaji hawapendi kukitoa. Asidai asilimia, zimeshapikwa. Adai hesabu ghafi: ni miaka mingapi imetazamwa, na ni mara ngapi hasa mvuko kutoka upande mmoja kwenda mwingine ulionekana. Muuzaji mwenye miaka 20 na mivuko mitatu ana hadithi. Mwenye mivuko 60 ana kitu cha kuzungumza. Kisha mteja aweke wastani wa muda wa kuvuka kando ya tarehe ya marejesho ya mkopo wake mwenyewe, na kama muda wa kuvuka ni mrefu mara tatu au nne, karatasi ya "wastani wa muda mrefu" airudishe mezani alipoikuta.